Malkia wa Chupa ya Dawa ya Kikohozi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, kule Kwaluguru, nilimfungia sisimizi mmoja kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikaishia kuamini kwamba namuua mama yangu. Hapa Korogwe ninakoishi sasa, watu wananijua kama yule mwalimu wa sayansi anayefuga sisimizi. Wakiniuliza nilianzaje, huwajibu kwamba nilianza kwa ubishi.

Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imenyesha, nasi tukatoka na Bibi, mama yake mama, kuokota kumbikumbi. Kwenye sufuria yangu nikamkuta mmoja asiyefanana na wenzake: mweusi, kiuno chembamba, mabawa hana.

"Huyo si wa kukaanga, mke mwenzangu," Bibi akasema. Ndivyo alivyozoea kunitania. "Huyo ni mama. Kavua mabawa, anatafuta pa kuzalia. Mwache aende zake. Ukimfungia mwenye kuzaa, na kwenu kutafungika."

Nimwache? Thubutu! Nilikuwa mtoto wa kuambiwa usishike nikashika. Nikamtia chupani pamoja na udongo mbichi, nikaziba kwa kipande cha gunzi, nikamficha uvunguni. Siku mbili za mwanzo nilimchungulia kila saa, kisha nikaogopa kukamatwa, nikamwacha gizani. Leo najua kwamba woga ule ndio uliomwokoa, maana malkia anayesumbuliwa hula mayai yake mwenyewe.

Mama naye alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumtaja mtoto kwa sauti. Siku kama kumi baada ya mvua ile, alfajiri, uchungu ukamshika. Mama mdogo akampeleka zahanati, mimi na Bibi tukabaki nyumbani. Adhuhuri ikapita bila habari. Alasiri akapita jirani na baiskeli akitokea huko.

"Vipi?" Bibi akamuuliza.

"Bado, bibi. Amechoka sana."

Hapo Bibi akainuka. Kwetu, mwanamke akikawia kujifungua, nyumba hufunguliwa. Akafunua mitungi na vyungu. Akafungua sanduku lake la nguo, madirisha, mlango wa banda la kuku. Akamlegeza mbuzi kamba. Akanikalisha chini akafumua nywele zangu alizozisuka jana yake, akamalizia na kifundo cha kanga alimofungia ugoro. Kisha akasimama katikati ya nyumba akatazama huku na huku.

"Kuna kingine kilichofungwa humu ndani?" akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

Nisiseme uongo, yule sisimizi nilimpenda, lakini si yeye aliyenizuia kusema. Kusema kulikuwa kukiri kwamba Mama anateseka kwa sababu yangu. Nikasimama pale, na kila nilipokaa kimya nilihisi namwongezea Mama uchungu. Mwishowe nikaingia uvunguni nikatoka na chupa, nikilia kwa sauti.

"Bibi, nisamehe! Nimemfunga mimi!"

Hakunipiga. Alichomoa gunzi, akailaza chupa uani, tukachuchumaa wote wawili. Sisimizi akaja hadi mdomoni mwa chupa, akapapasa hewa ya nje, halafu akageuka akarudi ndani mbio. Kule nyuma, juu ya udongo, kulikuwa na vitu vyeupe, vidogo kuliko punje za chumvi. Akavibeba mdomoni akatulia navyo.

Bibi akaanza kucheka, macho yakimlenga machozi. "Ala! Mwenzio kashazaa humu humu! Basi hakuna kilichofungika, mjukuu wangu. Nyamaza."

Nimeufikiria sana msamaha ule. Habari ya Mama ilikuwa haijafika, na Bibi angeweza kuingoja kwanza ndipo ajue kama nina kosa au sina. Hakungoja. Alinipakata nywele zangu zikiwa timtim, na hivyo ndivyo tulivyokuwa jua likielekea kuzama, tuliposikia vigelegele vya mama mdogo vikija na njia. Mtoto wa kike, Rehema. Mama mzima.

Bibi akaniruhusu kumfuga malkia wangu, kwa sharti moja: gunzi litobolewe mlango. Baada ya majuma kadhaa vitoto vyake vikatoka kwenye tundu lile, vikijipanga kuifuata sukari niliyoviwekea. Sijawahi kufurahi vile.

Siku hizi natumia mirija ya kioo, maji nyuma, pamba katikati, malkia mbele, na pamba nyingine mlangoni. Wanaotaka kuanza nawaambia wangoje mvua, waokote aliyekwisha kuvua mabawa, wamweke gizani na wamwache. Subira yavuta heri. Habari ya mama yangu huwa siwaambii.

Masika iliyopita Rehema alikwenda kujifungua mtoto wake wa kwanza hospitalini hapa Korogwe. Mama alikuwa naye. Alasiri akanipigia simu, akasema neno moja tu: "Bado."

Mimi nina cheti cha ualimu na nafundisha uzazi darasani kwa michoro. Nilikaa kidogo, nikasimama. Nikafungua kabati, madirisha, masufuria yote ya jikoni. Kisha nikaitoa mirija yangu sita nikachomoa pamba za mlangoni moja baada ya nyingine, nikijicheka kwa sauti. Siamini kwamba chupa hufunga tumbo la mtu. Lakini nilimpenda Rehema tangu kabla hajazaliwa, na nilitaka kuwe na kitu cha kumfanyia.

Malkia watano walibaki na mayai yao. Wa sita alitoka, akapita dirishani, nami nikamtakia heri.

Simu ilipoita tena, Mama alipiga vigelegele tu. Nililia kama siku ile ya uvunguni. Baadaye nikairudishia mirija pamba zake, ila sikuzikaza sana.