Nilisoma Nusu ya Maneno, Nikaikosa Harusi ya Binti Yangu

Nilimnyima binti yangu harusi yake, na nilifanya hivyo nikiwa nimeshika Biblia. Nalisema hilo mwanzo kabisa, ili asiyetaka kuyasikia haya aishie hapa. Jina langu silitaji. Waumini wenzangu wa Mji Mkongwe watanijua hata hivyo, na wacha wanijue.

Mimi ni seremala, na kanisani ni msomaji. Nimefundishwa dini tangu utoto, na kwa miaka mingi nimesimama mbele ya watu kusoma masomo na kutangaza ndoa. Mke wangu alifariki mapema akaniachia mtoto mmoja, Agnesi. Nilimlea kwa randa na kwa sala, na kwa yote mawili namshukuru Mungu.

Baada ya Mapinduzi wengi wa kanisa letu walihama. Viti vikabaki vitupu, mazungumzo ya jioni yakapungua, nami nikanunua redio. Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Vietnam. Biafra. Mashariki ya Kati. Mabomu ya atomiki. Nilitoka stesheni moja nikaingia nyingine, nikitafuta habari mbaya kuliko ile niliyotoka kuisikia. Na nilipoipata nilijisikia, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeshinda. Nilijiambia: nilijua mimi, mwisho umefika.

Wakati huo Agnesi alikuwa ameposwa na Linusi, kijana mwashi aliyekuwa akijenga majumba mapya ya Michenzani. Posa niliipokea mwenyewe kwa furaha. Nikaanza kuwachongea kitanda cha mvule, kwa kuwa niliapa mwanangu hataanza ndoa juu ya kitanda cha kununua. Matendegu yote manne, miguu ya kitanda, yalikuwa tayari. Ilibaki mifumbati, zile mbao za ubavuni, na kukiunga.

Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme. Tangazo likikatika, huanza upya. Jumapili ya kwanza nilisoma jina la mwanangu na la Linusi. Ya pili nikasoma. Katikati ya wiki redio ikaeleza jinsi watoto wa Biafra wanavyokufa kwa njaa. Nikaweka randa chini, sikuishika tena.

Jirani yangu Bi Salma, ambaye alikwisha kumwekea Agnesi hina ya harusi, akachungulia mlangoni.

"Fundi, mbona randa imenyamaza? Kitanda cha bibi harusi kimekwisha?"

"Dunia ndiyo inayokwisha, Bi Salma."

"Ah! Basi mie nikaoshe masufuria, nisije nikakutwa nayo machafu."

Alicheka peke yake. Mimi nilimwona mjinga.

Jumapili ya tatu padri alikuwa amekwenda kusalisha shamba, nje ya mji. Nilitangaza mkutano wa kina mama, nikatangaza usafi wa kanisa, nikaketi. Agnesi alikuwa amekaa kiti cha pili, amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Alingoja nisimame tena. Sikusimama.

Nyumbani aliniuliza, "Baba, umesahau?"

"Sikusahau. Watu wanakufa duniani, nyinyi mnataka pilau. Huu si wakati wa kuoa wala kuzaa."

"Linusi anangojwa kazini Tanga mwisho wa mwezi. Tukianza upya hatuwahi, na wewe unajua."

"Basi msianze."

Nikafungua Biblia, nikamsomea pale Bwana anapowaambia wanafunzi wake kwamba watasikia habari za vita. Nikaifunga.

"Endelea, baba."

"Imetosha."

"Haijatosha. Mbona umeishia hapo? Wewe mwenyewe ulinifundisha maneno hayo nikiwa mdogo. Papo hapo anasema tusitishwe. Soma."

"Nshasema imetosha."

Alinitazama bila hasira, na afadhali angekasirika. "Basi mwenye kuogopa ni wewe, baba. Usimsingizie Bwana."

Walipata vibali vya safari wakaenda Tanga. Ndoa yao ikatangazwa huko, Jumapili zote tatu, na msomaji ambaye simjui. Aliyemsindikiza mwanangu hadi altareni ni mjomba wake Linusi, mtu ambaye Agnesi alimwona kwa mara ya kwanza wiki ile. Mkono ule nilioushika alipoanza kutembea, aliukabidhi kwa bwana harusi mtu mwingine. Hilo halirudi. Nimeomba, nimetubu, na naamini nimesamehewa, lakini siku ile hairudi.

Dunia ikaendelea. Jioni moja redio ikatangaza kwamba vita vya Biafra vimekwisha. Nikangoja nifurahi. Badala yake nikajikuta nimekasirika, kama mtu aliyeibiwa kitu chake. Vita vimekwisha, na msomaji wa kanisa ameudhika! Hapo nilijiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa bomu lolote.

Nikaichukua Biblia, nikayasoma yale maneno kwa sauti ndani ya nyumba tupu, safari hii mpaka mwisho, hadi pale panaposema, "lakini ule mwisho bado." Kisha nikaichukua randa.

Bi Salma hakukawia. "Fundi, kumbe kiyama chako kimekosa meli?"

"Wacha kikose. Na kikija, kitanikuta napiga randa."

"Hapo sasa umesema," akajibu, akaenda kuniletea chai.

Kibali cha safari kilichelewa, nikasubiri. Nikavuka na kitanda kikiwa vipande vipande, nimekifunga kwa magunia. Mlango wa nyumba ya Tanga aliufungua Agnesi, na mtoto wa kike yuko kiunoni mwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kitanda."

"Tunacho kitanda."

"Najua. Nimeleta na yale maneno yaliyobaki."

Akamweka mtoto chini, akaingia ndani, akarudi na Biblia yake. "Haya, soma. Ukiishia njiani, kitanda kinarudi Unguja."

Nikasoma pale pale kizingitini, mjukuu wangu akinivuta suruali. Nilipomaliza, Agnesi alisema neno moja tu: "Karibu." Linusi akaleta nyundo.

Sijaitupa redio. Naisikiliza kila jioni, na bado inatisha. Vietnam wanauana mpaka leo. Wako wanaoniuliza kama sijasikia ya jana. Nimesikia. Lakini kuna habari nyingine niliyoipokea kabla sijanunua redio, ya kaburi lililokutwa tupu asubuhi, na haijatangazwa ya kuikanusha. Msimamo wangu ni huo, na atakayeniona mjinga aje anione nikiwa kazini.

Wewe uliye kama nilivyokuwa, nakuonya. Hofu yangu niliiita imani, na mwanangu akaolewa bila mimi. Ukisikia habari za vita, lia, omba, wapelekee wenye njaa ulichonacho. Kisha Jumapili ya tatu usimame, umtangaze bibi harusi.