Kisu Chini ya Mto

Mpaka leo nikisikia harufu ya mvuje, nafungua madirisha. Ni utomvu unaonuka kama kitunguu saumu kilichosahauliwa, na kwetu Mwabungo ulifungwa kwenye kitambaa cheusi akavishwa mtoto mchanga mkononi ili mashetani wamkimbie. Mwaka ule wa mvua kubwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumba yetu ilinuka mvuje, ubani na uji wa pilipili manga, kwa kuwa mama alikuwa amemzaa ndugu yangu Bakari na alikuwa ndani akingoja siku zake arobaini za uzazi zitimie. Siku hizo zote mzazi hakutoka nje wala hakuachwa peke yake. Nyanya, mzaa mama, alikuja kutoka Mkongani na kuku wawili na amri zisizohesabika. Baba alikuwa akiezeka makuti ya hoteli kule Diani, akirudi Ijumaa tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, nikapewa kazi ya kukaa na mama kila Nyanya alipokuwa jikoni. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Chini ya mto wa mama palikuwa na kisu. Hiyo ndiyo ilikuwa ada: shetani huogopa chuma, na mtoto wa arobaini hulindwa kwa chuma. Nyanya alinionyesha kilipo, akaniambia kisitoke pale. Juma la kwanza mama alikuwa mzima, akinitania kwamba nimegeuka askari wa zamu. Juma la pili aliacha kulala. Tulidhani ni mtoto anayemnyima usingizi, lakini hata Bakari alipolala, mama alibaki macho, akikunja nepi zilizokwisha kukunjwa, akisema upesi upesi mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Alisema mtangazaji wa redio anamtaja mwanawe. Siku moja aliniuliza kama nina hakika huyu ndiye mtoto aliyemzaa. Nilicheka, nikifikiri ni utani wake ule ule.

Kisha adhuhuri moja, Nyanya akiwa jikoni, mama alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, lakini sauti yake ilikuwa imetulia kuliko siku zote. "Mwanamisi mwanangu, kitoe kisu kilicho chini ya mto. Kipeleke mbali, nisijue kilipo. Kinanisemesha mambo kuhusu mtoto."

Nilikichukua nikakimbia nacho jikoni, nikamweleza Nyanya kila neno. Alikipokea, akamalizia nacho vitunguu alivyokuwa akikata, akiwaza. Halafu akakipangusa kwa leso aliyojifunga. "Anayekiogopa chuma si mamako," akasema. "Kirudishe, tena kifiche vizuri." Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi: shetani huogopa chuma, aliyeomba kiondolewe ameogopa, basi aliyeomba ni shetani. Nikakisukuma katikati ya godoro na kamba za kitanda, upande wa ukutani. Mama aliniuliza, "Umekipeleka mbali?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Akashusha pumzi, akafumba macho, akalala, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alilala kwa sababu aliniamini.

Asubuhi yake alikigusa alipokuwa akitandika shuka. Hakupiga kelele. Alinitazama, akamfunga Bakari kwenye leso, akatoka nje pekupeku, kichwa wazi, mvua ikinyesha na majirani wakitazama, siku ya kumi na sita ya arobaini yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kioko, jirani yetu kutoka Ukambani aliyefanya kazi ya kusafisha vyumba hotelini, akamtia mtoto mikononi. "Nishikie mwanangu," akamwambia. "Usinipe, hata nikikuomba." Kisha akaketi kwenye matope.

Nyanya alitaka mganga aje apunge pepo. Mama Kioko alikataa kumrudisha mtoto, akamtuma mtu kwa baba Diani. "Hii ni ugonjwa, shosho," alimwambia Nyanya. "Dada yangu alishikwa nayo akizaa. Alipewa dawa, akalala, akapona." Nyanya alimwona mtu wa bara asiyejua mambo ya pwani. Baba alipofika aliwasikiliza wanawake wale wawili, kisha akatafuta gari la kwenda hospitali, Msambweni. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi kilio kilikuwa mlangoni.

Mama alirudi baada ya majuma kadhaa, mnene kidogo, mikono ikimtetemeka kwa dawa, maziwa yamekauka. Kupona kwake hakukuwa kwa siku moja. Alijifunza upya kulala, kisha kupika, kisha kucheka. Mimi sikumsaidia. Chuoni, tulikosoma Kurani, nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenzangu kwamba yule si mamangu, na nyumbani sikumwacha peke yake na Bakari hata dakika moja. Nilimbeba mtoto kiunoni siku nzima kama mali yangu. Mama alikuwa akinijia polepole na kuniuliza, "Mwanamisi, nimshike?" Mama mzima akimwomba ruhusa mtoto wa miaka kumi. Wakati mwingine nilisema hapana.

Majuto ni mjukuu, na yangu yalinijia nilipojifungua mwenyewe. Siku hizi kliniki humuuliza mzazi kama analala, kama anasikia sauti. Nilipomweleza muuguzi habari za mama, aliandika yote bila kushangaa, akataka nisikose usingizi. Mama alikuja kunilea arobaini yangu. Siku ya kwanza niliinua mto mbele yake, aone hapana kitu, nikamwambia kwamba kile kisu nilikirudisha mimi.

"Nilijua," akasema. "Kilinuka vitunguu vya jikoni." Akaurudisha mto mahali pake. "Nilikuambia wewe kwa kuwa sikuwa na mwingine."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumwuliza. Mtoto akalia. Mama akainuka, akasimama kando ya kitanda, mikono yake ameishusha, akaniuliza, "Nimshike?"

Bakari ni baba wa watoto wawili sasa, naye mama bado anauliza. Siku ile nilimwekea mama mwanangu mikononi, nikageukia ukutani, nikalala mpaka alasiri.