Spika za Mwalimu

Kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo, na jina alilotoka nalo huko ni Fundi Bobini, kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa bobini moja au mbili za uzi. Ndani ya ukumbi wa mashine hakukuwa na mazungumzo. Watu waliitana kwa kupunga mikono na kusomana midomo. Ukitaka kumtukana msimamizi ulimtukana huku unatabasamu, naye alikurudishia tabasamu lako lote. Fundi Bobini aliupenda sana mkasa huo. Hata alipostaafu aliendelea kuusimulia, na kila aliposimulia alipaza sauti kuliko ilivyohitajika.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye hakumwita vinginevyo. Alikuwa mtu wa vitabu. Katika chumba chao cha mbele, ukuta mmoja wote ulikuwa rafu. Kisha kisukari kikamla macho, kwanza la kulia, halafu la kushoto, hadi akawa haoni kitu ila weupe wa dirisha. Kitindamimba wao, binti aliyeolewa mbali, akaanza kumtumia kwenye simu vitabu vilivyosomwa kwa sauti. Mwalimu aliibana simu sikioni mpaka shingo ikakakamaa.

"Huyu msomaji," alilalamika, "ni kama nyuki kafungiwa kwenye kopo."

Ndipo siku moja mezani akamwagiza mumewe spika.

"Ndogo, za kukaa rafuni. Sio yale madude ya harusini. Nataka mbili, moja huku, moja kule, msomaji akae katikati kama mtu aliyekuja kunitembelea. Na usiniletee besi ya kutikisa vikombe. Mimi nataka maneno."

Fundi Bobini alikuwa amemkazia macho mdomoni, kama alivyozoea. "Maneno," alisema. "Nimekuelewa, Mwalimu."

Muuza spika alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi, duka lake likiwa limebanwa kati ya fundi saa na fundi viatu. Alimuuliza Fundi Bobini chumba kina ukubwa gani, msikilizaji anakaa wapi, na rafu imegusana na ukuta au la.

"Imegusana."

"Basi usichukue zenye tundu nyuma. Zikibanwa ukutani zinavuma, kama mtu anaongea ndani ya pipa." Akapanga mezani jozi tatu. "Hizi mpya zinang'aa, lakini hebu zigonge."

Fundi Bobini akagonga kwa kifundo cha kidole. Plastiki tupu.

"Hizi kubwa ni nzuri, ila bei yake itakutoa jasho. Sasa hizi za mbao zimetumika, sikufichi. Mpira wa kuzunguka koni, ile karatasi inayotikisika ndani, nimeubadilisha mwenyewe. Kwa pesa ya zile zinazong'aa, mimi ningechukua hizi. Lakini masikio ni yako, mzee. Sikiliza."

Akaunganisha simu, msomaji akaanza kusoma. Mama yule alihamisha sauti kutoka jozi hadi jozi, na kila mara aliuliza, "Ipi?" Fundi Bobini aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Zote zilikuwa sawa, mtu anaguna nyuma ya mlango. Akaweka kiganja juu ya sanduku la mbao, kama alivyokuwa akiiwekea mkono mashine inayosumbua, na mtetemo akaupata. Maneno hakuyapata.

Mama yule alikuwa akimtazama. Akabonyeza kitu kwenye simu. "Nitakupigia kengele ndogo. Ukiisikia, nyoosha mkono."

Fundi Bobini alingoja, macho yake kwenye mafungu ya waya yaliyotundikwa ukutani. Alingoja hadi akachoka. "Haya, ianzishe basi."

"Imelia, mzee. Inalia hadi sasa."

"Basi hizo spika ni mbovu."

"Huenda," alisema yule mama, bila kucheka. "Ila nenda kapime masikio. Hospitali wanapima, wala hawakuchomi sindano."

Fundi Bobini akazichukua zile za mbao, kwa sababu ndizo zilizokuwa na mtetemo wa kiungwana. Alipokuwa ameinama kuzifunga kwenye boksi, mama alimweleza kuhusu waya: mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, pande zote mbili. Alikuwa akiongea na kisogo cha mteja wake. Fundi Bobini alisema, "Asante, mwanangu," akatoka. Njiani alijiapiza kwamba habari ya kengele haitafika nyumbani. Mke haoni, mume hasikii, nani angemwongoza nani?

Mchana huo huo alizipanga rafuni. Aliondoa vitabu, akapima nafasi kwa shubiri, akazigeuza kidogo zielekee kiti cha mkewe, akabana waya kwa ustadi wa mtu aliyeshika koleo maisha yake yote. Ila upande wa kushoto aliubana kinyume. Kisha akawasha.

Mwalimu alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Akasikiliza. Uso wake ukakunjamana.

"Yuko wapi huyu mtu? Mbona hakai katikati? Yupo pande zote, kama mzimu." Akainuka, akapapasa hadi kwenye rafu, mgongo wake ukiwa kwa mumewe. "Umebana waya sawasawa?"

"Ndiyo, nzuri sana," alisema Fundi Bobini.

Mwalimu akazima simu. Bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya kawaida, akasema, "Bobini, nyumba inaungua."

"Ndiyo. Nzuri sana."

Mkono wa Mwalimu ulibaki juu ya rafu. Akageuka, akamfuata polepole hadi magoti yao yakagusana, akamshika uso kwa viganja viwili na kuuelekeza kwake.

"Tangu lini?"

Safari hii alimwona midomo. "Sijui. Uziwi umekuja kidogo kidogo."

"Ile siku ya mvua, mwaka juzi. Nimelala nimeelekea ukutani, nikakueleza habari za mtoto. Ulinisikia?"

"Habari gani za mtoto?"

"Ulinijibu. Ulisema, hamna neno, Mwalimu, yamepita."

Fundi Bobini aliikumbuka vizuri siku hiyo. Alikuwa ameona mabega ya mkewe yakitikisika, akadhani analilia macho yake. Alimpapasa mgongo na kumpa maneno ambayo mtu yeyote angempa mgonjwa.

Mwalimu akarudi kitini. Miaka miwili alikuwa ameishi juu ya jibu lile, analila na kulilalia, kumbe halikuwa lake.

Mtoto mwenyewe alikuwa kifungua mimba wao. Miaka tisa kabla ya hapo Fundi Bobini alimtafutia nafasi kiwandani, na kijana akaikataa mbele ya wageni. "Baba, mimi sitaki kuzeekea kwenye makelele," alisema. Baba aliona ametukanwa kazi iliyomlisha mtoto huyo huyo. Maneno yakapanda, mlango ukabamizwa, na Fundi Bobini akatangaza kwamba jina la yule mtoto lisitajwe tena mbele yake. Miaka sita ilipita bila habari. Kisha zikaja habari, za homa na za maziko yaliyokwisha kufanyika. Fundi Bobini alizipokea amesimama, akasema, "Hata kututafuta hakututafuta." Kaburini hakwenda.

"Alitutafuta," Mwalimu alisema sasa. Alipaza sauti, na kila neno alilitamka kwa midomo yote kama anayefundisha darasa la kwanza. Kulisema jambo lile kwa kunong'ona kulikuwa kumemtoa roho. Kulisema kwa kupaza sauti, madirisha yakiwa wazi, kulikuwa kama kuvuliwa nguo uwanjani. "Aliandika barua tatu. Ya kwanza nikaificha nikingoja siku utakayokuwa na moyo mzuri. Ya pili ilipokuja nikaona aibu ya ile ya kwanza. Kila siku nilisema kesho. Ya tatu sikuifungua. Baada ya miezi miwili tukaletewa habari za msiba."

"Ziko wapi?"

"Rafu ya chini, nyuma ya kamusi."

Alizitoa. Bahasha zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Alivaa miwani, na kwa kuwa hakujua tena sauti yake ina kimo gani, alizisoma kwa nguvu hata mama wa nyumba ya pili akaacha kufua. Mbili za kwanza ziliomba radhi na kuuliza kama anaweza kuja. Ya tatu ilikuwa fupi. Mwambie baba nimepata kazi, iliandikwa. Napaka grisi kwenye mashine za kukoboa nafaka. Mwambie kelele si mbaya kama nilivyodhani.

Fundi Bobini akavua miwani. Hakupiga meza, hakulia. Alizikunja barua kufuata mikunjo yake ya zamani, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma mpaka kivuli cha nyumba kikafika ukuta wa jirani. Mwalimu alimwita mara mbili. Hata kama angekuwa na masikio ya paka, siku ile asingeitika.

Wiki tatu alilala katika chumba kilichokuwa cha watoto. Hakumnyima mkewe chochote. Dawa alimpa kwa saa yake, chai alimpoza kwanza. Waya wa kushoto Mwalimu alimwambia ajaribu kuugeuza, akaugeuza, na msomaji akaja kukaa katikati ya chumba, kila neno limesimama mahali pake. Spika zilikuwa nzuri kweli, kwa bei ile. Mwalimu alisikiliza sura baada ya sura, na baadaye ukimuuliza kitabu kilihusu nini hakujua. Fundi Bobini alipimwa masikio. Daktari alimchorea mstari wa usikivu wake, uliokuwa ukishuka tu.

Wiki ya nne akavaa suruali yake ya safari, akamwita jirani akae na mkewe, akapanda basi la alfajiri. Alirudi jua likielekea kuzama, viatu vimejaa vumbi, mikono imechubuka na majani. Akavuta kiti mbele ya Mwalimu, karibu, wakawa uso kwa uso.

"Umefika kwa mtoto?" Mwalimu aliuliza, kwa midomo yote.

"Nimefika. Pamezibwa na magugu, hata sikupaona mara moja. Nimeyang'oa."

Mwalimu alipapasa hewani, akaupata mkono wa mumewe, mkavu, wenye udongo kwenye kucha. Fundi Bobini hakuuondoa.