Kinu Juu ya Gunia

Wiki iliyopita nilirudi Myamba, nikaingia jikoni kwa bibi na kushusha sufuria kutoka kwenye chanja. Haikulia. Chini yake kilikuwepo bado kipande cha kanga kuukuu. Nilisimama nayo mkononi, nikisubiri kuhisi kitu. Sikuhisi. Wewe labda ungelia. Mimi niliinusa tu, moshi na maharage.

Nilikuwa shule ya msingi baba aliporudi na bibi kutoka Moshi, bibi amevaa mashine mbili za kusikilizia masikioni, betri zake ndogo kama punje za dengu. Kabla ya hapo tulimwita kwa kelele hadi majirani wakaitika. Tulidhani shida imekwisha. Asubuhi yake mama akadondosha mfuniko kwenye sakafu ya saruji, bibi akajishika kichwa kama aliyezabwa kibao.

"Mnanipigilia misumari," alisema. "Kelele zikiendelea hivi, Jumapili nazirudisha mashine hizi kwenye kopo lake. Bora kimya changu."

Mama hakutaka arudi kwenye kimya kile. Alichoka kumwona anacheka kwa sababu wengine wanacheka, bila kujua wanacheka nini. Basi nyumba ikavishwa. Vipande vya kanga vikatandikwa kati ya sufuria, miguu ya viti ikapigiliwa raba za kandambili, kinu kikawekwa juu ya gunia. Redio ilihamia zizini, ng'ombe wakawa wanasikiliza taarifa ya habari. Jirani yetu, mama mmoja aliyezoea kupiga hodi tangu barabarani, akaonywa. Siku iliyofuata alichungulia mlangoni akinong'ona, "Hodi jamani. Au nivue na viatu?"

Mimi niliuliza, kama nilivyouliza kila kitu: mtu anunuliwe masikio, halafu afichwe sauti?

"Kula makande yako," mama akanijibu.

Jumamosi tulizidisha. Mama hakutwanga kabisa, na wote tukanong'ona. Sasa, kwetu kinu kilinyamaza penye msiba tu. Bibi alitoka chumbani na mashine zake, akasimama, akasikiliza. Akamwona mama na jirani wameinamiana. Akarudi ndani, akatoka amejifunga kanga ya msibani.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Mbona mnanificha?"

Jirani aliziba mdomo kwa upande wa kitenge, mabega yakimtikisika.

"Hajafa mtu, mama," mama alisema. "Tunakuhurumia masikio."

"Kwa kunizika? Hebu twangeni!"

Mama akatwanga polepole, gunia likimeza mshindo. Bibi alikunja uso kila mchi uliposhuka, lakini mikono yake ilibaki mapajani. Baada ya muda akasema, "Ongeza." Jumapili alikwenda kanisani na mashine zake masikioni. Lile kopo likawekwa vifungo vya nguo.

Bibi alifariki mwaka huu. Kama wafu wanasikia, sijui. Mchungaji anasema lake, chuo kilinifundisha jingine, na hakuna aliyenionyesha ushahidi. Mama anaishi Same mjini, anapikia gesi, unga ananunua dukani. Kinu kipo palepale juu ya gunia, buibui wamekishona mdomo.

Jioni nilishuka kwa miguu hadi sokoni. Nilipita nyumba baada ya nyumba, watu wapo, moshi unatoka, na hakuna kinu hata kimoja kilicholia. Bibi angepita njia ile na mashine zake, angesimama kila mlango kuuliza nani amekufa.