Lori la Baba, Kutoka Zombe Hadi Kilungu

Jina langu ni Kyalo, maana yake safari, na tangu nimalize kidato cha nne sijalala nje ya Zombe zaidi ya mara tatu. Mguu wangu unajua njia ya sokoni, ya kanisani na ya choo. Kwa hivyo mjue kilichonitoa nyumbani hakikuwa kidogo. Mama mdogo Ndunge, dada yake mama yangu, alikuwa mgonjwa kwake Kilungu. Ndiye aliyenilea miaka yote minne ya sekondari. Binti yake Mwende alipiga simu akasema, "Kuja na mwaitu, mama yako. Anawaulizia nyinyi wawili, na madaktari wametuambia twende naye nyumbani."

Mama alitaka tupande basi siku iyo hiyo. Mimi nikasema tutaenda na lori.

Lori ni la marehemu baba, na limekaa chini ya mwarobaini miaka mingi, kuku wakitaga mayai ndani. Mama mdogo alikuwa na mazoea ya kunicheka kwamba mikono yangu ni ya kushika kijiko tu. Nikiwa kidato cha pili nilifungua redio yake niitengeneze, ikabaki kimya na skrubu tatu mkononi mwangu. Nilitaka anione nikiingia kwake na lori nililolifufua mwenyewe. "Nipe wiki moja tu, Mwaitu," nikamwambia mama. Akaniangalia kama mtu aliyeahidiwa mvua ya Agosti.

Wiki ikawa tatu. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, maji yameingia kwenye oili hadi ikawa kama uji wa wimbi. Nikavua hedi, nikaisugua, nikafunga gasketi mpya. Ekseli ya mbele nayo ilikuwa imechoka: ukitikisa gurudumu linacheza kama jino la mtoto. Nikabadilisha pini na bushi, nikatia beringi mpya pande zote mbili, nikapaka grisi. Ile nati ya kushika gurudumu nikaikaza na spana, nikaongeza bomba la maji kwenye mkono wa spana, nikaning'inia. Nilitaka isifunguke mpaka Yesu arudi. Mwende alikuwa akipiga simu kila jioni. Nilikuwa nikimjibu, "Kesho kutwa."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi tukatoka Zombe, mama kando yangu na kikapu cha ndengu magotini. Injini ilinguruma vizuri. Hadi Kitui mjini nilikuwa mtu mkubwa. Nilipungia watu nisiowajua.

Kabla ya Mutomo, saa nne hivi, mshale wa joto ukapanda na moshi mweupe ukatoka mbele. Tukasimama karibu na boma la mzee mmoja aliyekuwa akifunga ng'ombe. Alikuja akachungulia rejeta, akachovya kidole, akaonja.

"Umetia maji gani humu?"

"Ya kisima cha Zombe, mzee."

"Yale ya chumvi? Hata ng'ombe wangu huyakunjia pua, na wewe unanywesha injini?"

"Maji matamu tuliwekea watu, mzee. Yananunuliwa."

"Basi sasa kunywa wewe hiyo chumvi." Lakini akatoa mitungi miwili ya maji ya mvua kutoka tangi lake, tukasafisha rejeta. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama chokaa. Mama alimshukuru kwa niaba yangu. Saa mbili zikapotea hapo.

Saa tisa, tukiwa tumeshapita Ikutha, kwenye ile lami mpya isiyo na lawama yoyote, nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Gurudumu la mbele kushoto lilianza kulia, kisha usukani ukavuta upande, kisha moshi. Nikashuka, nikamwaga maji kidogo kwenye kitovu cha gurudumu, yakachemka hapo hapo. Beringi ilikuwa imeyeyuka. Nilikaa chini kwenye changarawe. Mama akashuka, akakaa kando yangu na kikapu chake. Afadhali angenitukana.

Simu ikalia. Mwende. "Mko wapi? Anauliza tena. Leo hajala."

Tuliliacha lori kwa mwenye kibanda cha makaa kando ya barabara, dereva mmoja wa gari dogo akatubeba hadi Kibwezi. Pale stendi palikuwa na basi la Nairobi limewasha injini. Kondakta akasema amebakiwa na viti viwili. Mama akapanda, akashika kile cha dirishani, akaweka kikapu kwenye kile cha pili ili kisichukuliwe.

"Kyalo, panda."

"Nenda tu, Mwaitu. Nimeambiwa Kambu kuna wauzaji wa beringi kuukuu. Kesho mchana nitakuwa nimefika, na lori."

"Lori si mgonjwa."

"Nikiliacha barabarani watalivua hata usukani."

"Acha wavue."

Dereva akapiga honi. Mama akatoa kikapu kwenye kile kiti, akakiweka magotini. Basi likaelekea Nairobi kupitia Salama, ambako Mwende angempokea. Mimi nikavuka barabara, nikapanda gari la kuelekea Mombasa.

Kambu, saa kumi na moja. Muuza vipuri alikuwa mama mmoja mnene, ameketi katikati ya rundo la chuma kama anauza nyanya. Alichukua simu yangu, akaangalia picha ya gurudumu lililoungua. Akanirudishia.

"Ulikaza na nini hii, baba?"

"Na spana. Na bomba."

"Bomba refu?"

"Nilining'inia kidogo."

Akacheka hadi akajifuta macho na leso. "Wewe ulikuwa unafunga gurudumu ama unanyonga mwizi? Sikiza. Unakaza huku unazungusha gurudumu, kisha unarudisha nyuma kidogo, lipate kupumua. Nani alikufundisha?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana."

Akanichagulia beringi moja, kuukuu lakini nzima, na akanifungia grisi kwenye karatasi bure, kwa huruma. Nilirudi kwenye lori giza likiingia, nikalala kwenye kiti. Simu ilizimika bila hata salamu.

Jumatano, mwanga ulipotosha kuona, nikapiga jeki. Ile nati niliyoikaza kwa bomba ilinichukua saa moja na nusu kuifungua. Mabaki ya beringi niliyagonga na patasi hadi vidole vikatoka damu. Kisha nikafunga ile ya Kambu kama yule mama alivyosema, nikarudisha nyuma kidogo, na gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Nawaambia kweli, nilifurahi kama mjinga.

Kibwezi, Makindu, Emali. Lori likatembea kama halijawahi kuugua. Pale Salama nikaacha barabara kuu, nikaanza kupanda vilima vya Kilungu kwa gia ya pili. Injini haikuchemka. Kona ya mwisho kabla ya boma la mama mdogo nikaanza kupiga honi, ile honi ya baba yenye sauti tatu, nikapiga bila kuachilia, ili anisikie kutoka kitandani. Nikaingia uani nikiwa bado nimeibonyeza.

Palikuwa na viti vya kukodi. Palikuwa na wanawake wa kanisa wamekaa, wote wakinitazama.

Mama akaja hadi mlangoni mwa lori. "Zima," akasema.

Nikazima.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Alfajiri."

Nilishuka.

"Alikuulizia," mama akasema. "Nikamwambia umeenda Kambu kutafuta beringi. Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Akasema tukuwekee chakula, kwa sababu utafika na njaa."

Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ilikuwa jikoni, kwenye sahani iliyofunikwa na nyingine. Mwende alinipa kijiko bila kuniangalia. Nikala nikiwa nimesimama, yote, na mikono yangu bado na grisi.

Siku zilizofuata lori lilibeba maji, kuni, hema la kanisa, na wazee wasioweza kupanda kilima. Halikukohoa hata mara moja. Kila mtu aliniambia nimelitengeneza vizuri, na kila mara nilitamani lingekufa mbele yao.

Tulirudi Jumatatu baada ya maziko. Mama alilala njia nzima, au alifumba macho. Mkiuliza nilijifunza nini, nimejifunza kukaza nati. Najua pia kutotia maji ya chumvi. Kuhusu kile kiti cha basi sijajifunza kitu, najua tu kilikuwa cha kwangu na kilienda hadi Salama kitupu.

Zombe tuliingia jioni. Wanaume waliokuwa sokoni wakalizunguka lori, wakapiga bodi makofi, mmoja akaniuliza, "Sasa Kyalo, mlifika kweli?"

"Lori lilifika," nikasema.