Safari ya Diwani Kwenda Kupigwa Picha ya Tumbo

Jumatatu alfajiri, Kinole. Niliondoka nyumbani kwa sababu mbwa wangu alikuwa amekataa maini. Mbwa mwingine akikataa maini unaweza kusema ameshiba. Diwani hakuwa amewahi kushiba hata siku moja.

Nimjulishe kidogo kwa wasiomjua. Ana rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Nilimpa jina la Diwani kwa sababu kila asubuhi hupita nyumba kwa nyumba kusalimia watu, na kila nyumba anatoka na kitu mdomoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mnyiramba niliyehamishiwa huku milimani miaka sita iliyopita. Naishi peke yangu, na jioni huyo ndiye ninayemsimulia mambo ya shule.

Alikuwa ametapika siku tatu mfululizo. Jumapili bwana mifugo wetu alikuja, akamminyaminya tumbo, akamchoma sindano, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, humu ndani kuna kitu kimekwama," alisema. "Mimi nina mikono tu, huyu anahitaji mashine. Mpeleke mjini kwa daktari bingwa wa wanyama. Na usiseme keshokutwa."

Nilikesha nikimnywesha maji kwa kijiko. Kulipopambazuka nikamlaza kwenye tenga nililotandika kanga kuukuu, nikafungua mlango. Mzee Shomari alikuwa amesimama nje, kofia kichwani, mwavuli mkono mmoja na mfuko mkono wa pili.

Mzee Shomari ni jirani yangu. Ana shamba la mdalasini na pilipili manga juu kidogo ya nyumba yangu, na pembeni yake analima mahindi, ambayo ngedere wanayapenda kuliko anavyoyapenda yeye. Ni mtu wa swala tano, na kwa miaka yote sita hakuwahi kumgusa Diwani. Mbwa akimkaribia, anainua kanzu na kusema, "Wee, kaa huko na mate yako."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nakusindikiza."

"Mpaka barabarani?"

"Mpaka mjini. Nina shughuli zangu huko."

Shughuli gani, hakusema. Nilichungulia mfuko wake: kanzu safi ya kubadilisha, na kipande cha sabuni.

Saa moja, njiani kuteremka. Tulipata lifti kwenye pikapu ya mananasi. Dereva aliniambia nikae mbele, nikakataa, nikapanda nyuma na tenga langu. Mzee naye akakataa kukaa mbele, akidai hewa ya ndani inamtia kichefuchefu. Mvua ya rasharasha ilianza kabla hatujamaliza kona ya tatu. Mzee akafungua mwavuli. Baada ya muda nikaona bega lake lote limelowa, na mwavuli umeinamia kwenye tenga.

"Mzee, unalowa."

"Mkono umechoka," alijibu bila kunitazama. "Ndiyo maana mwavuli umelala upande huo."

Kiroka. Dereva alisimama kunywa chai. Mama mmoja alikuwa anakaanga samaki kando ya barabara, na harufu ikaja moja kwa moja mpaka kwetu. Nilimwangalia Diwani. Pua haikusogea. Na huyu mbwa aliwahi kuruka dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu kufuata dagaa. Mzee pia aliiona ile pua. Akageukia mlimani, akaanza kunong'ona dua.

Saa nne, Morogoro Mjini. Pikapu ilitushusha sokoni, na kutoka hapo tulihitaji bajaji. Wa kwanza alikataa, wa pili akakataa. Wa tatu akachungulia tenga, akasema, "Mzee wangu, mbwa mimi sipakii."

Mzee Shomari alijinyoosha mpaka kofia ikagusa turubai la bajaji. "Kijana, nani amekwambia huyu ni mbwa? Huyu ni mgonjwa."

Kijana akanitazama mimi, akamtazama Mzee, akacheka. "Haya, mpandisheni mgonjwa."

Hospitali ya wanyama. Nilitegemea kukuta ng'ombe. Nilikuta benchi lenye watu wametulia kama wako kliniki ya wazazi: mama na paka ndani ya kikapu, bwana mwenye tai na jogoo mapajani, mwanafunzi wa chuo na kobe. Dada wa mapokezi aliandika maelezo yetu, na baada ya nusu saa akatoka mlangoni na kuita kwa sauti, "Diwani, kutoka Kinole!"

Yule bwana mwenye tai alisimama kwa heshima, akitafuta kiongozi amesimama wapi. Tukapita mbele yake na tenga letu.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, Daktari Neema. Alisoma barua niliyopewa na bwana mifugo, akamgusa Diwani ubavuni. Na hapo yule mbwa aliyekuwa hawezi kuinua pua akapata nguvu sijui wapi. Alipiga mateke, akaangusha beseni, akanichana mkono.

"Hivi siwezi kupata picha," daktari alisema. "Lazima atulie. Na alivyodhoofika, nisingependa kumpa dawa ya usingizi mara mbili."

Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamwita mwanangu mbele za watu. Bure. Ndipo Mzee, aliyekuwa mlangoni na kanzu yake ameikunja mpaka magotini, alipofoka kwa Kiluguru. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba Diwani alikuwa anaambiwa aache upuuzi. Mbwa akalala chini kama gunia.

"Endelea, Mzee wangu," daktari alisema akivuta mashine. "Usinyamaze."

Basi Mzee akaendelea. Alimgombeza kuhusu kuku wa jirani, kuhusu kulala kwenye matuta ya viazi, kuhusu kuchelewa shambani wakati ngedere wameshaingia. Alipoishiwa makosa ya Diwani akaanza kugombeza bei ya mdalasini. Mkia ulikuwa unapiga meza polepole.

Daktari akatuonyesha kwenye kioo cha mashine. Kivuli kirefu, kinene, kimekaa kwenye utumbo.

"Hili ni gunzi la hindi," alisema. "Nyumbani nani anampa mahindi?"

"Mimi simpi," nilisema. "Hata silimi."

Mzee alishusha kanzu, akaipandisha tena.

"Tunakula wote," alisema mwishowe. "Kule shambani. Mimi nachoma mawili, langu na lake. Huwa namtupia punje. Siku hiyo waliingia ngedere, nikaliacha langu juu ya jiwe nikawafukuza. Niliporudi sikulikuta." Akavua kofia. "Daktari, nimemuua?"

"Bado," daktari alijibu. "Lakini mngekuja kesho, ningewaambia maneno mengine. Tunampasua sasa hivi."

Mchana, nje ya chumba cha upasuaji. Tulikaa kwa saa mbili. Diwani alipigwa nusu kaputi, mlango ukafungwa. Mzee alikwenda kuswali, akarudi na kanzu safi, akakaa bila kuegemea. Nilimuuliza ile shughuli yake ya mjini ikoje.

"Ndiyo hii," alisema.

Daktari alipotoka alikuwa ameshika bakuli la chuma, na ndani yake lile gunzi. Utumbo ulikuwa bado una rangi nzuri, alisema, hakulazimika kukata kipande. Mzee akampigia simu mkewe papo hapo, kwa sauti ya mtu anayeongea kutoka mlima mmoja kwenda mwingine: "Diwani amepasuliwa! Tumbo! Ndiyo! Wametoa gunzi! Mzima, anapumua!"

Jumanne tulimkuta amesimama kwenye kizimba, miguu inatetemeka. Alikunywa supu kijiko kimoja kimoja. Alipomaliza akalamba kijiko, kisha akalamba vidole vya Mzee Shomari vilivyokuwa vimekishika. Mzee aliangalia vidole vyake kwa muda mrefu.

"Bomba liko wapi?" aliuliza, na akaenda kunawa bila haraka.

Jumatano, kurudi. Tulipofika Kinole tulikuta watu wamejaa kituoni, na mbele yao diwani wetu, yule wa kuchaguliwa, amekunja uso. Mke wa Mzee alikuwa amemsimulia mtu mmoja sokoni, naye akawasimulia wengine. Tangu juzi mheshimiwa alikuwa akipokea simu za pole. Kanisani walikuwa wamemwombea, msikitini wamemwombea, na shangazi yake alikuwa amefunga safari kuja kumuuguza.

"Mwalimu," aliniambia, "watu wananiuliza gunzi nilimezaje."

Nilifunua tenga. Diwani wangu akainua sikio moja. Mheshimiwa alimtazama, akaangalia ule mshono mrefu, na hasira ikamtoka. "Pole sana, wajina," alisema, na umati ukaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Siku kumi baadaye mshono ulitakiwa kutolewa. Mimi nilikuwa nasimamia mitihani, nikaona nimwombe daktari tusogeze siku. Mzee hakutaka kusikia. Aliondoka na Diwani asubuhi na mapema, wawili tu, na jioni wakarudi kwa miguu kutoka barabarani, kamba imelegea katikati yao.

Akanikabidhi karatasi ya hospitali. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mgonjwa: Diwani. Hali: amepona. Mwenye mbwa: Shomari, mkulima, Kinole.

Nilifungua mdomo kubisha. Miaka sita nilikuwa naamini nina mbwa wangu mwenyewe anayenisikiliza jioni, kumbe mchana kutwa alikuwa na mtu mwingine, moto mwingine na mahindi mengine. Ilinibidi niteremke mlima mzima na kurudi ndipo nilijue hilo.

"Kuna kosa kwenye karatasi?" Mzee aliuliza, akitazama pembeni.

"Hakuna, Mzee," nilisema. "Karibu ndani, chai iko tayari."