Saturnina na Kengele ya Chini

Saturnina Colque hakupendwa na mtu pale mgodini, na yeye hakumwomba mtu ampende. Vumbi lilipomaliza mapafu ya mumewe, ushirika ulimpa mjane kiti cha mwendesha winchi, mashine inayoshusha na kupandisha kizimba cha watu shimoni, maana ndiyo desturi katika milima ile ya Oruro: kazi ya marehemu haitoki nje ya nyumba yake. Wanaume walinuna. Walisema mwanamke akisogelea shimo, madini ya bati hujificha mwambani. Kwa miaka kumi na moja aliwashusha na kuwapandisha watu wale wale waliomsengenya, mita mia na themanini, na bati halikujificha.

Sheria ya winchi ni moja: anayepanda kizimba ndiye anayetoa amri. Chini kuna kamba inayofika hadi kwenye kengele kando ya sikio la mwendeshaji. Ikilia mara tatu, watu wako tayari, vuta. Isipolia, kizimba hakiendi, hata aamuru nani. Aliyesimama juu haoni mguu wa nani uko wapi.

Siku hiyo mwenyekiti wa ushirika, Nemesio Calle, alifika saa tano asubuhi na wanunuzi wawili wa mjini, viatu vinang'aa. Alitaka kuwaonyesha mwamba mpya kabla hawajabadili nia, lakini kizimba kilikuwa chini pamoja na wachimbaji.

"Pandisha kizimba."

"Kengele haijalia."

"We mama, kengele ni mimi. Pandisha!"

"Basi shuka ukalie huko chini."

Wanunuzi wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Nemesio akanyoosha mkono kuushika wenzo wa winchi. Saturnina akaupiga kofi mkono huo, kama mtu anayefukuza paka kwenye chungu.

"Umefukuzwa kazi! Toka kwenye kiti!"

"Sawa. Nani ananipokea zamu? Wewe? Haya, niambie, breki ipi inakaza na ipi inalegeza?"

Nemesio, fundi wa maneno, hakujua. Akatoka nje akihema.

Punde kengele ikalia mara tatu. Saturnina hakugusa kitu. Kamba ikivutwa kutoka chini hukwaruza mbao za shimo kwanza, ndipo kengele ilie. Hii ililia kavu. Alipochungulia dirishani alimwona mwenyekiti kaishika kamba pale pale mdomoni mwa shimo.

"Mwizi!" akapaza sauti. "Unaiba sauti ya watu walio chini!"

Wanunuzi hawakungoja zaidi, wakaingia garini mwao. Dakika ishirini baadaye kamba ilikwaruza, kengele ikalia, na wanaume wanne wakapandishwa juu. Hakuna aliyekuwa ameponea chupuchupu. Walikuwa wamekaa kando ya kizimba wakitafuna majani ya koka ya kuondoa uchovu, basi.

"Umetufukuzia wateja, mama," akafoka Hilarión, mkongwe wao. "Kichwa kigumu kama jabali!"

"Changu kigumu, chako kizima. Nenda kale."

Jioni mkutano ukapiga kura. Hamsini na watatu walitaka aondoke, tisa abaki. Kiti akapewa Rogelio, shemeji yake Nemesio, aliyewahi kuendesha winchi mgodi mwingine.

Asubuhi wanaume walikuta Rogelio amekaa kitini, na Nemesio amesimama nyuma yake, mkono begani mwake. Hilarión aliutazama ule mkono. Akavua kofia ya chuma, akakaa juu ya gogo. Wengine nao wakakaa.

"Ingieni! Mnangoja harusi?" Nemesio akafoka.

"Anayeendesha nani, huyo au wewe?" akauliza Hilarión.

"Rogelio."

"Mbona umemshika kama mbuzi wa mnadani?"

Nemesio akaondoa mkono. Hakuna aliyeinuka. Jua likapanda, gogo likajaa.

"Kamlete yule mchawi," Hilarión akasema mwishowe. "Simpendi. Lakini kwake nashuka."

Hao walikuwa wale wale hamsini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Nemesio akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Saturnina kumwomba arudi kitini. Hakukaribishwa ndani. Alisimama mlangoni hadi sufuria ya mwisho ikaoshwa, kisha akapewa karatasi aandike kwamba juu ya shimo hakuna mtu atakayegusa kamba wala winchi isipokuwa mwendeshaji, hata mwenyekiti. Akaandika, akatia sahihi.

"Umeridhika?"

"Bado. Hapo penye mwenyekiti, andika na jina lako. Watu wajue aliyekatazwa ni nani."

Akaandika.